Udaktari kwa ada nafuu jijini New York

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu amemaliza sekondari hapa Bronx, tunakoishi mwaka wa nne sasa, na nia yake ni udaktari. Amekubaliwa na Hunter College, chuo cha umma, na pia na chuo binafsi ambacho kingetulazimu kukopa. Je, chuo cha bei nafuu hakitamfungia mlango mbeleni?
Mama wa Bronx

JIBU: Hakitamfungia, mama. Nchini Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule za udaktari hutazama sana alama za mwombaji, mtihani wa kujiunga na shule hizo uitwao MCAT, na uzoefu wake wa kuhudumia wagonjwa. Hunter ni sehemu ya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji, ambako mkazi wa jimbo hulipa ada ya takriban dola 7,000 kwa mwaka. Na kwa kuwa deni kubwa linamsubiri kwenye shule ya udaktari yenyewe, sioni sababu ya kulitanguliza.

Kero zipo. Madarasa ya mwanzo ya kemia na biolojia huwa makubwa, na mwanafunzi asiyewafuata walimu ofisini mwao atakosa wa kumwandikia barua ya mapendekezo, kwa hiyo aanze muhula wa kwanza. Lakini akishuka treni namba 6 mtaa wa 68, chuo kiko papo hapo, na mtaa huohuo ukielekea mashariki unamfikisha kwa miguu kwenye hospitali kubwa, ambako anaweza kuomba kazi ya kujitolea.