Faili ya mume wangu ilikwama miaka miwili, hivi ndio tuliitoa

Kama umeoana na mtu ambaye si Mkenya na makaratasi yake yamekwama, hii nakuandikia wewe, si yeye. Yeye ashachoka. Wangu ni Mkongomani wa Bukavu, tulifunga ndoa 2011, na Katiba inasema mkimaliza miaka saba kwa ndoa mwenzako ana haki ya kuomba uraia, basi 2019 tukapeleka fomu tukidhani ni mambo ya miezi kadhaa.

Ilikuwa kila akienda ofisi ya uhamiaji anaambiwa "bado inashughulikiwa, rudi mwezi ujao", anatoka Kayole saa kumi na moja asubuhi, anapoteza siku ya kazi, anarudi jioni hata chakula hataki. Siku moja akaniambia "Mama Neema, miye nilishachoka," akatupa bahasha juu ya kabati. Hapo ndio nilijua nimekosea, nilikuwa nimemwachia hii kitu peke yake juu jina ni lake, na kesi ni ya nyumba yetu sote.

Nikashusha ile bahasha. Risiti ya kwanza maandishi yamefifia, ile karatasi laini ya mashine, namba ya faili inasomeka nusu. Tafadhali, siku unapewa risiti pitia saiba utoe kopi, halafu upige picha. Nikanunua daftari nikawa naandika kila safari, tarehe, kaunta gani, tumeambiwa nini. Na wale wa kusimama nje wanakuambia wana mtu ndani, usiwape hata mia, pesa ikiliwa hakuna pa kwenda kushtaki.

Kilichotusaidia ni barua. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, unauliza ofisi ya serikali habari iliyo nayo na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Sasa skia, haki hiyo ni ya raia, kwa hivyo wewe Mkenya ndiye unaandika, na unaambatisha barua fupi ya mwenzako akikubali upewe, kwa sababu habari ni zake. Usijaze malalamiko. Mimi niliuliza tu faili imefika hatua gani, iko kwa nani na ni karatasi gani inakosekana. Peleka kopi mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani.

Jibu likaja, mstari mmoja na nusu: majina hayalingani. Wakongomani wana jina la ukoo, jina la pili na lile la ubatizo, pasipoti yake ina yote matatu, cheti chetu cha ndoa kina mawili tena yamegeuzwa. Hiyo tu! Tukaenda kwa wakili, mume wangu akala kiapo kwamba huyo wa pasipoti na huyo wa cheti ni mtu mmoja, asubuhi moja ikaisha, na mimi nikakaa kwa ngazi nikalia, miaka miwili hakuna mtu alituambia. Kabla upeleke fomu yoyote tandaza pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto mezani, usome majina herufi kwa herufi.

Siku 21 zikipita kimya nenda ofisi ya Ombudsman, ile tume inapokea malalamiko juu ya ofisi za serikali, kupeleka lalamiko ni bure. Na hapo hata mwenzako asiye raia anaweza kulalamika mwenyewe, kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuhudumiwa upesi na kwa haki, hakijasema raia peke yake.

Na pasi yake ya kukaa isiishe mkingoja, ombi la uraia halimpi ruhusa ya kuishi hapa.

Cheti kilitoka 2022. Baba Neema alikisoma amesimama, kidole kikipita jina moja moja, yote matatu yako na yamepangwa sawa, halafu akaniambia twende saiba kwanza tutoe kopi.