Jibu: Chambo hakifiki chini, halibati wa Homer

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, uko Homer, Alaska, unavua halibati (samaki bapa mkubwa akaaye chini ya bahari), mashua imetia nanga, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) la gramu 450, na kila ukishusha, mshipi unapeperuka nyuma bila chambo kugusa chini. Umeulizia pia salmoni.

Kabla hujanunua chochote, angalia jedwali la maji kupwa na kujaa. Hapo Ghuba ya Cook, siku za bamvua (maji makubwa) maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, na mkondo wa namna hiyo hauna simile. Vua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Tia nanga kama saa moja kabla maji hayajasimama, uendelee mpaka yaanze kukimbia tena.

Pili, mshipi. Ukiwa wa nailoni nene, maji yanaushika wote kuanzia juu hadi chini. Weka mwembamba wa kusuka unaohimili ratili 80, na chubwi la kilo 1 hadi 1.4. Likigusa, liinue kidogo, lishushe, ongeza mshipi mpaka liguse tena. Ukiliacha tu, mkondo utalibeba.

Chambo ni samaki heringi, ndoana ya duara (ncha imepinda kuelekea ndani) namba 16/0, ncha iwe wazi. Halibati akianza kula usikung'ute fimbo, utamnyang'anya! Subiri ipinde, kisha kunja mshipi taratibu. Ndoana itajishika pembeni mwa mdomo.

Akiwa mkubwa, usimwingize mashuani akiwa bado ana nguvu. Anavunja miguu.

Salmoni uliowaulizia mara nyingi huogelea juu zaidi. Chubwi hili si lao.