Rangi mbili zinapogusana kwenye rada: je, ni tornado?

Swali: Ndugu mtaalamu, ninaishi na familia yangu Oklahoma City, Marekani. Majuzi usiku ving'ora vya tornado vilipolia, nilifungua programu ya rada kwenye simu nikaona rangi ya kijani na nyekundu zimegusana juu ya mtaa wa jirani. Je, ile ilikuwa tornado? Na ningewezaje kuhakikisha kabla ya kuwaamsha watoto?

Jibu: Ndugu msomaji, inaelekea ulichokiona ni mzunguko wa hewa ndani ya wingu, na mzunguko huo peke yake hauthibitishi kwamba tornado, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka winguni, imegusa ardhi. Rada ya Doppler hupima tu jinsi matone ya mvua yanavyoisogelea au kuiacha; upepo unaokatiza mbele yake haiuoni. Kwa kawaida kijani huonyesha upepo unaoelekea kwenye rada, na nyekundu ule unaoondoka. Kwa hiyo huwezi kuisoma picha hiyo bila kujua kituo cha rada kiko upande gani. Jifanye umesimama kituoni unalitazama wingu: ikiwa kijani kiko kushoto na nyekundu iko kulia, zimebanana, na zote ziko umbali uleule kutoka ulipo, hewa inazunguka kinyume cha mwendo wa saa, kama zifanyavyo tornado nyingi za upande wa kaskazini wa dunia. Lakini rangi moja ikiwa nyuma ya nyingine, hewa inakutana au inatawanyika, haizunguki.

Umbali nao una uzito mkubwa. Mwali wa chini kabisa wa rada kwa kawaida huinuliwa kwa nusu digrii, na dunia nayo inajipinda, hivyo ukifika kilomita 20 unapita kama mita 200 juu ya ardhi, lakini kwenye kilomita 100 umeshafika karibu kilomita moja na nusu. Huko juu mzunguko unaweza kuonekana mkali sana na chini pakawa na mvua tu. Na kinyume chake, tornado ndogo inaweza kupita chini ya mwali isionekane kabisa.

Dalili iliyo karibu zaidi na uthibitisho ni vifusi vilivyorushwa angani na tornado. Tangu maboresho yaliyokamilika mwaka 2013, rada za Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutuma mawimbi ya ulalo na ya wima, kisha hulinganisha yanavyorudi. Matone ya mvua hufanana, kwa hiyo kipimo cha ufanano hukaribia 1. Mbao, majani, vipande vya bati na vya dari havifanani hata kidogo, na kipimo hushuka chini ya 0.80. Kwenye picha hutokea doa dogo la duara, rangi yake tofauti kabisa na ya mvua inayolizunguka. Doa hilo likikaa palepale penye mzunguko, na mwangwi wa rada nao una nguvu, hakuna shaka tena. Bila mzunguko, doa kama hilo laweza kuwa ndege au wadudu.

Sasa fikiria doa hilo limeundwa na nini. Juu ya jiji, ni nyumba za watu. Ndiyo maana siwezi kukushauri ulisubiri. Tarehe 20 Mei 2013, onyo la tornado iliyoupiga mji wa Moore, jirani zako wa kusini, lilitolewa saa 8:40 mchana, dakika 16 kabla ya tornado kugusa ardhi. Watabiri walitegemea mzunguko na umbo la wingu, kwa sababu kifusi cha kuonekana hakikuwapo bado. Tornado hiyo ilidumu dakika 39. Watu 24 walipoteza maisha, wakiwamo watoto 7 waliokuwa shuleni. Naamini vifo vingekuwa vingi zaidi kama onyo lingengoja uthibitisho.

Kumbuka pia kwamba picha ya simuni ni ya wakati uliopita. Rada huchukua dakika kadhaa kulizungukia anga lote, na programu huongeza ucheleweshaji wake. Wingu linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea kilomita 5 katika dakika 5, kwa hiyo mzunguko uliouona juu ya mtaa wa jirani huenda ulikuwa tayari juu ya paa lako.

Onyo likitaja eneo lako, waamshe watoto kwanza, uwapeleke chumba cha katikati kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Rada utaitazama mkiwa humo. Na viatu vyao vikae humohumo siku zote, maana misumari na vioo huwajeruhi wengi baada ya upepo kwisha.