Makipa wanauliza: kimo, vumbi, upepo na mkataba wa benchi

Nina miaka 17 na urefu wa sentimita 174. Naambiwa golini sifai. Ni kweli? (Chamwino)

Si kweli, ila usijidanganye. Mwamba uko mita 2.44 kutoka chini na milingoti imeachana mita 7.32. Kipa mfupi anaumia zaidi kwenye krosi kuliko kwenye mashuti ya juu. Juma Kaseja hakuwa mrefu, na amedaka Simba, Yanga na Taifa Stars. Krosi iendee mapema, ruka kwa mguu mmoja, goti la upande wa mshambuliaji likiwa juu: linakuongezea kimo na kukulinda. Boksi likijaa watu, usidake. Panga ngumi mbili, upige mpira juu na mbali, kuelekea pembeni.

Uwanja wetu ni mgumu kama sakafu. Kila nikijirusha, nyonga zinachubuka. (Kongwa)

Unaanguka vibaya. Kiwiko au goti likitangulia, umekwisha. Mpangilio ni huu: ubavu wa mguu, paja kwa nje, nyonga, mbavu, bega, huku mpira ukigusa ardhi kabla yako na kukupunguzia kishindo. Jifunze ukiwa umekaa, kisha umepiga magoti, kisha umechuchumaa. Kusimama kunakuja mwisho. Wanaoruka hatua hizi ndio wanaovunjika mkono. Dodoma makorongo yamejaa mchanga kiangazi kizima, kwa hiyo mazoezi ya kujirusha yafanyie huko, na uwanjani ufanye ya miguu na kudaka. Vaa bukta yenye sponji nyongani.

Vumbi hilohilo ndilo linaloua glovu. Lowanisha viganja kidogo kabla ya mechi, zioshe baadaye kwa maji ya uvuguvugu, kisha uzianike kivulini. Jua hukausha sponji, ikapasuka. Jozi ya mechi usiifanyie mazoezi.

Upepo wa kiangazi unanichanganya. Nisimame wapi? (Bahi)

Ukikupiga usoni, rudi hatua moja au mbili. Mpira mrefu wa wapinzani unasukumwa na kuangukia nyuma ya ulipotarajia, na ukiwa mbali na mstari utapitwa kichwani. Goli kiki anzia fupi kwa beki, maana ya juu itakurudia. Upepo ukiwa mgongoni, sogea mbele hadi karibu na ukingo wa boksi: mpira wao unafia njiani, na ni wewe wa kuufagia. Hapo usipige kwa nguvu zote, utamzawadia kipa mwenzako.

Nikishika mpira nina sekunde ngapi? (Kondoa)

Nane, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2025. Refa ananyoosha mkono na kuhesabu 5 za mwisho; ukizidisha, wapinzani wanapewa kona. Hesabu inaanza ukishaumiliki mpira na una nafasi ya kuuachia.

Timu inanitaka niwe kipa wa tatu. Nisaini? (Dodoma mjini)

Inategemea umri na maandishi. Golini kuna nafasi moja tu, na kipa hukomaa taratibu: Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45. Miaka 19 kuwa wa tatu si aibu kama kuna kocha wa makipa anayekufundisha kila siku. Miaka 24 ni hatari, bora timu ya daraja la chini unakodaka kila wiki.

Kwenye mkataba, angalia bonasi. Nyingi hulipwa kwa aliyecheza, na wewe hutacheza. Omba ya kuwemo kwenye kikosi cha siku. Omba pia kipengele cha kwenda kwa mkopo dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, usipopata mechi. Kama hujafika miaka 18, kanuni za FIFA haziruhusu mkataba unaozidi miaka 3. Mishahara ya miezi 2 isipolipwa, kanuni hizohizo zinakupa njia ya kuvunja mkataba, lakini kwanza uidai kwa barua na kuipa klabu angalau siku 15. Wengi wanaondoka kimya, kisha wao ndio wanaodaiwa. Nakala yako ya mkataba iliyosainiwa na pande zote usiiache ofisini kwa katibu.