Kutazama Video Siyo Kusoma

Wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa binti mmoja anayesoma nyumbani. "Shikamoo kaka. Nimemaliza video zote za kemia, tena mara mbili. Jana nimefungua mtihani wa mwaka juzi, hata swali la pili limenishinda. Je, mimi ni mjinga?"

Swali hilo la mwisho niliwahi kujiuliza mwenyewe, kwa maneno hayo hayo, na hakuwepo wa kunijibu. Kwa hiyo namjibu hapa, ili na wengine walio katika hali yake wasikie.

Mimi niliacha shule nikiwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Mama aliugua, ugonjwa wa kumgeuza kitandani na kumlisha, na aliyekuwepo nyumbani ni mimi. Sitalieleza sana hilo. Alipopata nafuu, wenzangu walikuwa wameshamaliza na kutawanyika. Nilikwenda shuleni kuomba nirudi, nikaambiwa umri wangu haufai tena kukaa na watoto wale. Nilikuwa na miaka 20. Nilitoka pale nikitazama chini hadi nikafika nyumbani.

Ndipo nikaamua kufanya mitihani ya IGCSE kama mtahiniwa binafsi. Kwa asiyeifahamu, hii ni mitihani ya kumaliza sekondari inayotungwa na Cambridge, na matokeo yake hutolewa kwa herufi, kuanzia A* hadi G. Haikuulizi ulisoma wapi wala na nani. Unatafuta kituo kinachopokea watahiniwa binafsi, unajisajili, unalipa, na siku ya mtihani unafika na kitambulisho na kalamu. Karatasi unayopewa ni ile ile anayopewa mwanafunzi wa shule. Masomo yote nilipanga kuyapata kwenye intaneti.

Mjomba wangu aliposikia, aliuliza mbele ya watu, "Yaani shule ya kwenye simu?" Wakacheka. Nilicheka nao, lakini kicheko kile nimekibeba hadi leo. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu ambao hawakuwa wanafunzi wa vyuo vyake. Walisoma popote walipoweza, wakaja kufanya mtihani, na waliofaulu wakapewa shahada. Kusoma peke yako na kwenda kupimwa pamoja na wengine hakukuanza na simu. Laiti ningelijua hilo siku ile mbele ya mjomba.

Basi nikaanza. Miezi minane nilitazama video. Asubuhi fizikia, mchana kemia, usiku hisabati. Nilikuwa na daftari la rangi tatu: nyekundu ya kanuni, bluu ya maelezo, kijani ya mifano. Mtu yeyote angeliona daftari lile angesema huyu kijana anasoma. Hata mimi niliamini. Mwalimu wa kwenye video akieleza, naelewa. Akikokotoa, naona kila hatua inakwenda inapopaswa kwenda, natikisa kichwa, nafungua video inayofuata.

Nikupe mfano mmoja, maana ugonjwa wote umo ndani yake. Swali: gramu 4 za sodiamu haidroksaidi zimeyeyushwa katika maji hadi kupata sentimita za ujazo 250. Kuna moli ngapi (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) katika kila desimita moja ya ujazo? Mwalimu anaanza: uzito wa moli moja ni gramu 40, kwa hiyo gramu 4 ni moli 0.1. Sentimita za ujazo 250 ni desimita za ujazo 0.25. Gawanya 0.1 kwa 0.25, unapata 0.4. Imekwisha. Ukiitazama unasema, mbona rahisi? Niliitazama mara tatu, na mara zote ilikuwa rahisi.

Siku ya mtihani likaja swali la namna hiyo, na mkono wangu haukujua pa kuanzia. Nilikumbuka kwamba kuna kugawanya. Nigawanye nini kwa nini? Nikagawanya 0.1 kwa 250. Kile kipande cha kubadilisha sentimita kuwa desimita kilikuwa cha mwalimu, hakikuwa changu. Yeye ndiye aliyekikumbuka kila mara, mimi nilimwona tu akikikumbuka.

Na saa inakwenda. Karatasi ya nne ya kemia ina alama 80, na unapewa dakika 75. Hesabu mwenyewe: haifiki hata dakika moja kwa alama moja. Mimi katika miezi minane sikuwahi kukaa na swali huku saa ikinisubiri. Nilikuwa nimezoea kusimamisha video, kurudi nyuma, kuinuka kunywa maji. Nilipokusanya karatasi, kurasa nne sikuwa nimezigusa.

Matokeo yalitoka Agosti. Kemia E. Fizikia D. Hisabati C.

Niruhusu nisimame kwenye hiyo C, kwa sababu bado inaniuma. Hisabati hufanywa kwa ngazi mbili, Core na Extended, na unachagua moja unapojisajili. Kule kituoni nilikojisajili, mtu wa mapokezi aliniambia, "Hesabu weka Core, ninyi wa nyumbani huwa mnachukua Core." Alisema kwa wema kabisa, nami nikamwamini kwa kuwa yeye yuko nyuma ya dirisha na mimi niko mbele yake. Hisabati ilikuwa karatasi pekee niliyotoka nikiwa na furaha, karibu kila swali nimelijibu. Nikapata C, nikajiambia basi huo ndio mwisho wa akili yangu. Chuo nilichokitaka kilidai angalau B. Miezi ikapita, siku moja nasoma silabasi ukurasa kwa ukurasa, naona imeandikwa wazi: anayefanya Core hawezi kupata zaidi ya C. Hata ajibu kila kitu bila kosa. Anayetaka kufika A* lazima aandikishwe Extended. Nililia, ndugu zangu. Kilichonikosesha B hakikuwa hesabu, kilikuwa ni kutosoma karatasi inayopatikana bure, ambayo ningeweza kuipakua siku ya kwanza kabla ya video ya kwanza.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia silabasi. Pakua silabasi ya mwaka ule ule utakaofanya mtihani, maana hubadilika. Isome yote, pamoja na kurasa zinazochosha. Humo utajua kuna karatasi ngapi, za muda gani, na ngazi ipi inakufikisha wapi. Utajua pia kwamba masomo ya sayansi yana sehemu ya vitendo, na kwamba kwa anayesoma nyumbani bila maabara ipo karatasi ya sita, ambayo hupima ujuzi wa maabara kwa maandishi. Kiulize kituo chako juu ya hiyo kabla ya kulipa. Uliza pia tarehe ya mwisho ya kujisajili, kwa kuwa hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani. Na chuo unachokitaka, uliza wanakubali cheti gani. Wapo wanaosomea GED ya Marekani, cheti cha kulingana na kumaliza sekondari, ile yenye mitihani minne ambayo kufaulu kila mmoja ni alama 145 katika kipimo cha 100 hadi 200. Ni njia nzuri kwa aliyehakikishiwa na chuo chake kwamba itapokelewa. Usiambiwe na rafiki. Ambiwa na chuo, kwa maandishi.

Usajili wa Novemba ulikuwa karibu kufungwa nilipopata matokeo yale, nikauacha upite. Nikajipa hadi Juni ya mwaka uliofuata. Miezi miwili ya kwanza sikufanya lolote la maana, sina cha kusimulia.

Kilichonibadilisha ni utafiti niliousoma kwa bahati. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wayasome. Wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioonekana kujua zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokuwa wanakumbuka zaidi. Niliposoma hayo nilifungua daftari langu la rangi tatu nikalitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa bingwa wa zile dakika 5.

Nikaligeuza somo juu chini. Naanza na swali, siyo video. Nachukua mtihani wa mwaka uliopita, naweka simu chumba kingine, saa mezani, kalamu mkononi. Nikishindwa, naandika hata upuuzi, lakini naandika. Muda ukiisha ndipo nachukua mwongozo wa kusahihisha na kalamu nyekundu. Video naifungua mwisho kabisa, kwa ajili ya kile kipande kilichonishinda tu, na nikishakitazama naifunga na kulirudia swali bila kuangalia. Siku tatu baadaye nalirudia tena. Khan Academy, tovuti ya masomo ya video, niliitumia sana kwa namna hiyo na naishukuru mpaka leo, masomo yake ni bure kabisa. Ila imejengwa zaidi kwa mtaala wa Marekani, kwa hiyo ukiifuata tangu mwanzo hadi mwisho hutakuwa umeifuata silabasi yako.

Mwongozo wa kusahihisha ndio uliokuwa mwalimu wangu hasa. Huko niligundua kwamba alama hazikai kwenye jibu peke yake. Hatua zina alama zake. Ukikosea hesabu mwanzoni kisha ukaendelea kwa njia sahihi, mara nyingi unapewa alama za njia. Mimi nilikuwa nikifanya hesabu kichwani na kuandika jibu tupu, jibu likikosewa nimekosa vyote. Niligundua pia kwamba swali likisema taja, linataka neno moja au mawili, na likisema eleza, linataka sababu. Nilikuwa nikitoa aya nzima pale palipotaka neno, na neno pale palipotaka sababu. Maana za maneno hayo ya kuamrisha zimeorodheshwa mwishoni mwa silabasi. Zipo pia ripoti za watahini, zinazoeleza watahiniwa walikosea wapi mwaka ule. Zisome kana kwamba zimeandikwa kukuhusu wewe, kwa sababu zinakuhusu.

Nisikilizeni wadogo zangu. Acheni kuhesabu video mlizotazama. Acheni kuniandikia kwamba mmemaliza kozi kwa asilimia mia moja. Hiyo asilimia inampima aliyetengeneza video, haikupimi wewe. Nionyeshe karatasi ulizoharibu. Nionyeshe wino mwekundu. Anayesoma shuleni ana mwalimu wa kumkasirikia asipoandika, wewe huna, kwa hiyo huo ukali uutoe kwako mwenyewe. Kuwa mpole na moyo wako lakini usiwe mpole na kazi yako.

Juni ile nilifanya hisabati Extended nikapata A. Kemia B, fizikia B. Mama aliniomba nimsomee matokeo mara mbili, kisha akataka kuishika simu mwenyewe ingawa hakuwa na miwani. Mjomba alipiga kunipongeza. Nilimshukuru, na sikumkumbusha.

Sasa nirudi kwa binti wangu wa kemia. Marahaba, mdogo wangu. Wewe si mjinga, ila bado hujaanza kusoma kemia, ulikuwa unamtazama mtu mwingine akiisoma. Nilimtumia maelekezo hayo kwa ufupi: karatasi ya nne, dakika 75, simu chumba kingine, kisha ajisahihishe kwa wino mwekundu na anitumie picha za kurasa zote, hata zilizo wazi.

Juzi usiku zilifika. Alama 19 kati ya 80. Swali la moli alilijaribu, akasahau kubadilisha sentimita kuwa desimita, lakini hatua zake zote aliziandika, na kwa hatua hizo akajipatia alama mbili. Nimemwomba alirudie Jumamosi.