Baba anataka jukiboksi: je, tumkataze?

*Shikamoo, shangazi. Baba yetu ana miaka 74, na mama alifariki mwaka juzi. Sasa ameshikilia kununua jukiboksi, ile mashine ya baa ya kuchagulia na kupigia santuri, kuukuu ya kampuni ya Seeburg, ambayo binamu yetu ameipata huko Chicago kwa dola 2,800. Anataka apigie santuri zake za mizunguko 45 kwa dakika, alizozitunza tangu miaka ya sabini alipokuwa mhudumu wa baa hapa Nakuru. Pesa ni zake, za kiinua mgongo. Ndugu zangu wanasema uzee umemchanganya, na kwa kuwa mimi ni kifungua mimba, wamenituma nimkataze. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Katika malalamiko yote ya ndugu zako sijaona mahali mnaposema kwamba mzee anadaiwa, au kwamba amewaomba mmchangie. Mtu anayejua bei ya kitu anachokitaka, na anayejua atakitumia kwa santuri zipi, hajachanganyikiwa. Kumkalisha kikao ili mmzuie kutumia jasho lake ni kumvunjia heshima, na kwa mtu aliyefiwa na mwenzake ni kumwongezea upweke. Usikubali kutumwa kazi hiyo.

Hata hivyo, kutomkataza si kumwacha aibiwe au aletewe mzigo usiofanya kazi. Hatari kubwa kuliko zote hamkuitaja, nayo ni umeme. Jukiboksi zilizoundwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi na hezi 60 (yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde), ilhali wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Wengi hudhani kwamba transfoma inatosha, lakini transfoma hushusha volti tu, haigusi hezi, na mota ya mashine hizi huzunguka kwa kufuata hezi. Matokeo yake ni kwamba santuri inayopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika itazunguka mara 37 na nusu, na sauti za waimbaji ambazo baba yako amezibeba moyoni kwa takriban miaka hamsini zitatoka nzito na za kuburuta. Akiisha kulipia mashine, meli na ushuru, hilo litamuumiza kuliko katazo lenu lolote. Kwa hiyo muuzaji akubali kuiwekea mota au puli ya hezi 50 kabla haijasafirishwa. La sivyo, tafuteni Ujerumani au Uingereza, ambako umeme ni wa hezi 50 kama wetu. Jukiboksi za NSM na Wurlitzer zilizoundwa Ujerumani ni za kuangaliwa kwanza, na mimi ningependelea njia hiyo.

Jambo la pili ni aina yenyewe. Neno Seeburg peke yake halitoshi, kwa sababu M100A, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya arobaini, hupiga santuri za mizunguko 78, na ni M100B ya mwaka 1950 iliyoanza kupiga za 45. Binamu yenu asome kibati kilichoko kwenye mashine na awatumie picha yake. Wewe nawe kaa na mzee mkague santuri zake, maana mashine za Marekani hushika santuri za 45 zenye tundu pana, la milimita 38 hivi. Zile zenye kitovu cha kubanduliwa hazina taabu, lakini zenye tundu dogo na kitovu kisichobanduka zitahitaji kutobolewa na mtu mwenye vifaa, kwani tundu likienda upande kidogo tu, wimbo wote utayumba.

Binamu asilipe kwa kutazama picha, na taa za rangi zisimdanganye, kwani hizo ndizo rahisi kurekebisha. Aende, aiache ipige kwa saa nzima, achague santuri za mwanzo, za katikati na za mwisho, na ahakikishe kila santuri inapigwa pande zote mbili. Akisikia mvumo mzito chini ya muziki, huenda kapasita, vile vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme, zimekauka. Afungue mlango wa nyuma atazame nyaya, kwa kuwa mpira wa miaka ile hupasuka na unaweza kuunguza nyumba. Ni afadhali mzee aongeze pesa apate iliyokwisha kukarabatiwa, pamoja na kitabu chake cha ufundi, kwa sababu mafundi wanaozijua valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti katika mashine za zamani, wamebaki wachache, na huyo wenu mumtafute sasa.

Kuhusu gharama, mwombeni wakala wa forodha wa Mombasa awakadirie ushuru na kodi kwa maandishi, kisha mjumlishe kreti, meli na lori la kuileta Nakuru. Mashine hizi hupita kilo 100, na kabla ya safari santuri zote hutolewa na mtambo wa ndani hufungwa kwa bolti zake, la sivyo hufika umevunjika.

Hesabu hiyo mpelekee baba yako akiwa peke yake, si mbele ya ndugu zako, naye ndiye atakayeamua kama inalingana na mfuko wake. Ndugu zako waambie kwamba hukumkataza, na kwamba wenye nguvu za kubeba watahitajika. Kwa sasa mpigie simu binamu, umwambie asitoe hata malipo ya kushikiza mpaka mkione kile kibati.