Kuharisha usiku mwambaoni: cha kufanya kabla boti haijapatikana

Mtu mzima aliyeshikwa na kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita 1 ya maji kila saa. Ipeleke hesabu hiyo Kagunga, Mwamgongo, Buhingu au kijiji kingine cha mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako hospitali hufikiwa kwa boti. Tumbo limeanza saa 4 usiku, boti imepatikana saa 11 alfajiri: hapo zimeshatoka lita 7. Mtu wa kilo 50 akipoteza lita 5, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake, mapigo ya mkono hayashikiki tena. Akifikishwa Kibirizi, bandari ya boti ya Kigoma mjini, katika hali hiyo, ndugu husema ugonjwa ulikuwa mkali mno. Kilichommaliza ni usiku ule aliokaa akisubiri boti huku hanyweshwi kitu.

Mgonjwa anayerudishiwa maji mapema na kwa kiasi sahihi, hatari yake ya kufa hushuka chini ya mtu 1 kati ya 100. Aliye na hali kali asipotibiwa, anaweza kufa au kupona nusu kwa nusu. Tofauti yote hiyo hutokana na maji, chumvi na sukari, vitu vinavyopatikana karibu katika kila nyumba ya mkoa wa Kigoma. Kwa hiyo usisubiri kujua kama ni kipindupindu au ni tumbo la kawaida. Mtu akihara majimaji mara ya tatu, anza kumnywesha. Akihara maji meupe kama yaliyooshea mchele, huku anatapika na misuli ya miguu inabana, anza saa ileile na umtume mtu akatafute boti.

Pakiti ya ORS na chupa iliyo mkononi mwako

Pakiti nyingi za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa muhimu huchanganywa na lita 1 kamili ya maji, lakini zipo pia za ujazo mdogo, basi soma pakiti kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea. Chupa iliyo karibu ni ya maji ya dukani ya nusu lita, pakiti nzima inamiminwa humo, na mtoto ananyweshwa chumvi mara mbili ya inavyotakiwa. Chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini, mtoto anazidi kuharisha, na mama anaacha kumpa akidhani dawa imemkataa. Kosa la pili ni kugawa pakiti vijiko viwili leo, viwili kesho. Unga ule haukuchanganywa sawasawa kwa kila kijiko, na kwa kipimo hicho mgonjwa anaambulia maji matupu.

Kama huna chombo cha lita, tumia chupa za kioo. Chupa 2 za bia za mililita 500 zikijaa ni lita 1. Chupa 3 za soda za mililita 350 zinazidi kidogo tu, hazina madhara. Pima maji kwanza, mimina pakiti yote, koroga mpaka unga uishe, funika. Usichemshe baada ya kuchanganya, usiongeze sukari, usichanganye na soda wala juisi. Yakifika saa 24, mwaga na utengeneze mengine.

Pakiti ikikosekana, tengeneza ya nyumbani: lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe kwa kisu au kidole, kisiwe na kichuguu, maana kichuguu cha chumvi ndicho kinacholeta hatari. Kabla ya kumpa mgonjwa, onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya. Hayana madini ya potasiamu kama yale ya pakiti, kwa hiyo mpe na ndizi mbivu anapoweza kula, na pakiti ikipatikana badilisha.

Yatumike maji gani? Yaliyotibiwa kwa klorini au kuchemshwa. Kama hakuna, tumia yaliyo safi kuliko mengine uliyonayo na uanze. Mgonjwa anakauka sasa hivi, na vimelea vya kipindupindu tayari anavyo tumboni.

Kiasi gani, na akitapika je?

Kwa anayeharisha lakini bado ana nguvu, kila anapotoka chooni mpe: aliye chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100; miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200; aliyezidi hapo, kadiri anavyoweza kunywa.

Akianza kukauka, kiasi hubadilika. Utamjua: macho yameingia ndani, mdomo mkavu, ana kiu kali, mtoto analia bila machozi, na ukiifinya ngozi ya tumbo kisha ukaiachia inarudi polepole. Huyu anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 750. Mtu mzima ni kati ya lita 2 na 4. Ndiyo, lita 4 kwa saa 4. Ndugu huona ni nyingi wakaogopa, wakampa kikombe kimoja cha chai na kuridhika.

Kwa mtoto, kijiko cha chai kinatosha kufanya kazi kubwa. Kijiko 1 ni mililita 5. Ukimpa kimoja kila dakika, kwa saa 1 amekunywa mililita 300. Hata akitapika sehemu yake, mwili umeshachukua kiasi cha maana. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha rudi kijiko kwa kijiko, taratibu zaidi, kimoja kila dakika 2 au 3. Kinachofanya atapike tena ni kiu: anapewa kikombe, anakigugumia chote, tumbo linakirudisha. Kazi hii inachosha, kwa hiyo pangeni zamu, mama asiachiwe peke yake hadi alfajiri. Anayenyonya aendelee kunyonya katikati ya vijiko.

Mtoto aliyefikisha miezi 6 apewe pia zinki miligramu 20 kila siku. Aliye chini ya hapo, miligramu 10, ambayo ni nusu ya kidonge cha 20. Zinki hunywewa siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limetulia siku ya pili. Wengi hukatisha hapo, wakakosa faida ya kumkinga mtoto asiharishe tena mapema.

Tahadhari na unachouziwa pamoja na ORS. Flajili (metronidazoli), ambayo imekuwa dawa ya kila tumbo, haitibu kipindupindu. Vidonge vya kufunga choo, loperamidi na jamaa zake, asipewe mtoto kabisa, wala mtu yeyote anayeshukiwa kuwa na kipindupindu; maji yanaendelea kumwagikia ndani ya utumbo, ila hamyaoni. Antibiotiki zipo zinazosaidia, lakini ni kazi ya mhudumu wa afya kuamua nani apewe, na hazichukui nafasi ya maji.

Safari ya majini

Usipakie mgonjwa bila ORS iliyokwisha kuchanganywa. Kwa mtu mzima beba angalau lita 4, kwenye dumu safi lenye mfuniko, na kikombe chake peke yake. Alale kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, aketi mtu mmoja kichwani kwake ambaye hana kazi nyingine zaidi ya kumnywesha. Akishindwa kumeza au akawa hajitambui, acha kumpa kwa mdomo. Hapo ni kuwahi tu.

Tandika turubai chini yake na weka ndoo yenye mfuniko. Kabla ya kuitumia mimina jiki isiyochanganywa na maji hadi ifunike kitako cha ndoo, kina cha sentimita 1 hivi. Ndoo hiyo isimwagwe ziwani hata kidogo. Boti hupita mbele ya mialo ambako asubuhi ileile wanawake na watoto wanateka maji ya kunywa. Boti ikishafika, ndoo ikabidhiwe kituo cha afya au imwagwe kwenye choo cha shimo. Boti ioshwe kwa jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Mchanganyiko huo ni wa asilimia 0.5. Usiulaze hadi kesho wala usiuache juani, nguvu yake huisha.

Huduma nzuri inaonekanaje?

Ubora wa zahanati haupimwi kwa rangi ya ukuta. Kwa ugonjwa huu, unapimwa kwa hesabu ya chupa. Mgonjwa aliyekauka kabisa huwekewa dripu ya Ringa, maji yenye chumvichumvi za mwili, mililita 100 kwa kila kilo. Wa kilo 50 ni lita 5, sawa na chupa 10 za mililita 500, zote ndani ya saa 3. Chupa 3 za kwanza ziingie ndani ya nusu saa. Kwa hiyo zahanati yenye chupa 10 kabatini inamtosha mtu mmoja tu. Kamati ya afya ya kijiji iulize idadi hiyo kabla mvua hazijafika, na iulize kwa upole, kwa sababu mganga anayepokea mgao mdogo naye yumo kwenye shida hiyohiyo.

Ndugu wa mgonjwa, tazameni mambo machache. Dripu ikitona polepole kwa mtu asiye na mapigo ya mkono, mwiteni mhudumu, ulizeni kama kasi hiyo inatosha. Dripu ikiwa ya glukosi peke yake, ulizeni kama Ringa ipo, kwa kuwa glukosi tupu hairudishi chumvi iliyopotea. Mtoto apimwe uzito, maana bila uzito kiasi chote ni cha kubahatisha. Kinachotoka kipimwe kwenye ndoo, ili kinachoingia kilingane nacho. Na mgonjwa akishaweza kunywa aanzishiwe ORS hata dripu ikiwa bado mkononi. Upande mwingine, msimlazimishe mhudumu aweke dripu kwa mtu anayekunywa vizuri. Chupa hiyo inaweza kuwa ndiyo ya mwisho, na atakayeletwa saa ijayo akiwa hajitambui hana njia nyingine.

Ziwa linalong'aa

Maji ya Tanganyika ni maangavu kiasi cha kuona samaki chini, na uzuri huo umewadanganya wengi. Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijazana Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa. Ziwa lilikuwa la kunywa, la kuoga na la kujisaidia. Kipindupindu kikalipuka, kikasafiri na watu hadi Kigoma mjini wakati meli ya MV Liemba ikiwavusha. Hali kama ile hujirudia kwa udogo kila siku kwenye mialo isiyo na choo, na ndani ya mitumbwi ya dagaa ambako mvuvi hukaa usiku kucha na karabai. Ndoo yenye mfuniko kwenye mtumbwi ni bei ndogo sana.

Uangavu wa ziwa una faida moja: klorini hufanya kazi vizuri. Kidonge cha miligramu 67 hutosha ndoo ya lita 20. Tumbukiza, funika, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Mvua zikileta tope, kama kuelekea mdomo wa mto Luiche, acha maji yatuame, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara 4, kisha weka vidonge 2. Ukitia kimoja kwenye tope, tope ndilo linaloila klorini na vimelea vinabaki hai. Harufu kidogo ya klorini wakati wa kunywa ni dalili kwamba kinga bado ipo.

Halafu maji hayo huharibiwa nyumbani. Kata inachovywa na vidole, inawekwa sakafuni, inachovywa tena. Hifadhi kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki, umimine bila kuchovya. Kiporo cha ugali au wali kilichopoa kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati, na dagaa walioanikwa mchangani waoshwe kwa maji yaliyotibiwa kabla ya kupikwa.

Kwenye kila mwalo panafaa kuwe na sanduku moja linalojulikana lilipo, na ufunguo wake uwe kwa mtu anayelala kijijini. Ndani: pakiti 20 za ORS, mikanda 4 ya vidonge vya zinki, dumu la lita 5 lililochorwa alama ya kila lita, kikombe, vijiko vya chai, vidonge vya klorini, chupa 2 za jiki, glovu, turubai, ndoo 2 zenye mifuniko, na karatasi yenye namba ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ya mwenye boti na 199 ya Wizara ya Afya, ambayo ni bure. Pakiti 20 zinatosha wagonjwa 4 au 5 walio watu wazima kwa usiku mmoja. Likaguliwe Septemba, kabla ya mvua: tarehe za mwisho za matumizi, pakiti zilizoganda kwa unyevu, na jiki iliyokaa juani ibadilishwe.